Laptop moja, vioo vinne: jua kioo unachouziwa kabla hujatoa hela

KiooSafi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mtu akiulizia laptop ya mtumba, majibu yote hukimbilia prosesa, RAM na SSD. Kioo hakitajwi mpaka afike nayo nyumbani, aiwashe jioni, aone nyeusi imepauka kama mkaa ulioanza kuwa jivu. RAM utaongeza. SSD utabadilisha kwa dakika kumi na bisibisi moja. Kioo kibaya ama utaishi nacho ama utakilipia mara ya pili.

Kinachowaponza wengi ni kudhani modeli moja ina kioo kimoja. Chukua ThinkPad T480 ya mwaka 2018, hizi zilizojaa Kariakoo na Nairobi mjini. Kiwandani ilitoka na vioo vinne (namba ni nukta, yaani pikseli, kwa upana na kimo; TN na IPS ni aina za kioo, nazieleza chini): 1366x768 TN, 1920x1080 IPS, 1920x1080 IPS ya kugusa, na 2560x1440 IPS. Kava lile lile, kibodi ile ile, nembo ile ile. Ukiingia dukani ukasema tu "nataka T480", umemwachia muuzaji akuchagulie, naye atakupa ile iliyokaa sana kwenye rafu.

Aina zenyewe ni hizi.

TN ni teknolojia ya zamani na rahisi kutengeneza. Ndani ya kioo kuna kioevu chenye molekuli zilizojipanga kwa kujisokota kama ngazi ya mzunguko. Umeme ukipita zinasimama kumwelekea anayetazama. Kwa kuwa zinasimama, ukibadilisha pembe ya kutazama unaziona kwa upande mwingine na rangi zinageuka. Kontrasti yake, yaani nyeupe inavyoizidi nyeusi kwa mwanga, kwenye laptop mara nyingi ni kati ya 300 na 600 kwa 1.

IPS, molekuli zimelala sambamba na kioo na zinazunguka zikiwa zimelala vile vile. Ndiyo maana mtu aliyekaa pembeni yako anaona karibu kile unachokiona wewe. Kontrasti ni kama 1000 kwa 1, nzuri zaidi hufika 1500. Kasoro yake utaiona chumba kikiwa giza: pembe za kioo hutoa mng'ao wa kijivu au wa njano.

VA iko zaidi kwenye monita na TV, kwenye laptop ni nadra, tuiruke. OLED haina taa za nyuma kabisa, kila pikseli inajiwakia yenyewe, kwa hiyo nyeusi ni nyeusi kwelikweli. Mini-LED, kama ya MacBook Pro za inchi 14 na 16 kuanzia 2021, bado ni kioo cha kioevu. Tofauti ni kwamba nyuma yake kuna taa ndogondogo kwa maelfu zinazozimwa na kuwashwa kwa kanda.

Na neno "LED" kwenye tangazo halikuambii kitu. Hiyo ni taa ya nyuma tu, na tangu mwaka 2010 hivi karibu kila laptop inayo. TN ina LED, IPS ina LED. Ni sawa na kuuza gari kwa kutangaza kwamba lina magurudumu.

Kipimo cha dukani hakihitaji programu. Fungua picha ya sura ya mtu ijaze kioo. Kaa mbele, macho yasihame. Sukuma kioo kilale nyuma taratibu. Kwenye TN, kabla hakijafika mbali, utaona giza linaanza upande mmoja na kusambaa, kisha mashavu ya yule mtu yanageuka kama negativu ya filamu: palipokuwa na kivuli panang'aa, meno yanakuwa meusi. Kwenye IPS picha itapungua mwanga kidogo, lakini sura inabaki sura. Ukishaliona hilo mara moja hutadanganywa tena.

---

Bisibisi

Mleta uzi umeanza vizuri. Naongezea kwa wanaotaka uhakika wa namba.

Kila kioo kina stika nyuma yake yenye namba ya paneli, na namba hiyo inasomeka kama namba ya gari. Watengenezaji wakubwa ni wachache.

AUO: B140XTN, B140HTN, B140HAN. Namba 140 ni inchi 14.0, na 156 ni 15.6. X ni 1366x768, H ni 1920x1080. Zikifuata TN, ni TN. Ukiona AN, ni jamii ya IPS.

LG: LP140WH ni 1366x768, LP140WF ni 1920x1080. Angalia herufi ya kwanza baada ya kistari: T ni TN, S ni IPS. Kwa hiyo LP156WH4-TLN1 ni TN, LP156WF6-SPB1 ni IPS.

BOE: NT mwanzoni ni TN, NV ni jamii ya IPS. NT140WHM dhidi ya NV140FHM. Jihadhari na NT156FHM: ni Full HD, yaani 1920x1080, ila ni TN.

Innolux: N156BGE ni 1366x768 TN. N156HGE ni Full HD TN. N156HCE na N156HCA ni Full HD IPS. Herufi moja tu hapo katikati, na ni mbingu na ardhi.

Huwezi kumfungulia muuzaji mashine yake, kwa hiyo isome kwa ndani. Windows: bofya kulia kitufe cha Start, Device Manager, Monitors, bofya mara mbili kilichopo, Details, kisha chagua Hardware Ids. Utaona kitu kama MONITOR\ kikifuatiwa na herufi tatu za mtengenezaji na alama nne (tarakimu, pengine na herufi). AUO ni AUO, LGD ni LG, BOE ni BOE, CMN ni Innolux, SDC ni Samsung, SHP ni Sharp, IVO ni InfoVision. Ukiwa na programu ya HWiNFO kwenye flashi, ile isiyohitaji kusakinishwa, sehemu ya Monitor mara nyingi itakupa namba nzima ya paneli. Kwenye Linux andika:

cat /sys/class/drm/card*-eDP-1/edid

Itatapika herufi za ajabu, usiogope. Kwenye paneli nyingi, katikati ya takataka hizo namba ya paneli inasomeka wazi.

---

MtejaMakini

Asante wakuu. Swali: tangazo la EliteBook linasema "Full HD anti-glare SVA". Hiyo SVA ni bora kuliko IPS?

---

KiooSafi

Hapana mkuu, hapo ndipo watu wanapopigwa kistaarabu. SVA ni lugha ya HP, maana yake kioo chenye pembe ya kawaida ya kutazama, yaani TN. Wakitaka kusema jamii ya IPS wanaandika UWVA. Dell wanaandika WVA. Lenovo hawazunguki, wanaandika TN au IPS.

EliteBook 840 G3 ndiyo mfano mzuri wa mtego huu. Utazikuta za 1920x1080 ambazo ni SVA. Mtu anasoma Full HD, anafurahi, kumbe kaongezewa pikseli kwenye kioo kile kile kinachogeuza rangi. Rezolusheni na aina ya kioo ni maswali mawili. Uliza yote mawili.

"Anti-glare" nayo ni jambo la tatu: uso wa kioo haung'ai, hauakisi taa ya dari wala dirisha. Haihusiani na rangi.

Njia nyingine ya kuhakikisha ni namba ya mashine yenyewe. Dell ina service tag ya herufi na tarakimu saba chini ya mashine. Iingize kwenye tovuti yao ya msaada utaona ilivyotoka kiwandani, kioo kikiwemo. HP ina ukurasa wa PartSurfer unaokubali serial namba. Lenovo ina tovuti ya PSREF, unaingiza namba kamili ya modeli. Ila kumbuka hayo yanaeleza ilivyozaliwa. Kama kioo kilishapasuka na kikabadilishwa, karatasi itasema IPS na macho yataona TN. Macho yako ndiyo hakimu.

---

RangiTatu

Naomba niwasemee wabunifu: wanaotengeneza kadi za harusi, nembo, fulana, wahariri wa picha. Kwenu neno IPS peke yake halitoshi.

Tafuta kwenye sifa asilimia ya rangi. Utakuta "45% NTSC" au "72% NTSC" (NTSC ni kipimo cha zamani cha upana wa rangi). Ile 72% ya NTSC ni karibu sawa na 100% ya sRGB, ambayo ndiyo kipimo cha picha za kawaida za mtandaoni. Sasa gawanya 45 kwa 72, utapata kama asilimia 62. Yaani kioo cha 45% NTSC kinaonyesha chini kidogo ya theluthi mbili ya rangi zinazotakiwa. Hiyo T480 ya Full HD iliyotajwa juu ni IPS, lakini iko kwenye kundi hili la 45%, na mwangaza wake ni niti 250 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo).

Inaonekanaje? Nyekundu ya kanga inakaa kama tofali. Waridi linafifia. Sasa mbunifu anaona nyekundu haijakolea, anaikoleza, anapeleka kiwandani, fulana zinarudi zinaunguza macho. Kiwanda hakina kosa, kioo ndicho kilichomdanganya.

Na usipoteze muda kurekebisha kwa programu. Kurekebisha rangi kunapanga zile ambazo kioo kinazo; ambazo hakina hakuna programu itakayoziumba.

Kuna na suala la biti. Paneli za bei rahisi ni biti 6 kwa kila rangi, yaani rangi 262,144. Zinajazia kwa kuwasha na kuzima pikseli harakaharaka ili jicho lione rangi ya kati. Biti 8 ni rangi milioni 16.7. Tofauti utaiona kwenye picha ya anga la jioni: kwenye paneli dhaifu anga linakatika mistari mistari badala ya kufifia taratibu.

Kwa bajeti ya mtumba, MacBook Air ya M1 ina 2560x1600, niti 400 na rangi pana za P3, na ni vigumu kuipita kwa bei yake. Lakini MacBook Air ya 2017 ni 1440x900 na ni TN. Watu wanainunua kwa ajili ya tufaha lililo nyuma ya kava.

---

Bisibisi

Hapo kwa Air ya 2017 umegusa donda, mkuu. Kuna watakaokuja kukubishia.

Ukiwa dukani, kabla ya kulipa, fanya hivi. Haihitaji intaneti. Fungua kivinjari chochote, kwenye sehemu ya anwani andika:

data:text/html,<body bgcolor=white>

Bonyeza Enter kisha F11. Kioo kizima kinakuwa cheupe. Rudia kwa black, red, green, blue, na gray.

Kwenye nyeupe tafuta madoa ya kijivu (vumbi au unyevu umeingia nyuma) na madoa yanayong'aa kuliko pengine, hasa katikati. Hayo mara nyingi ni alama za kubanwa: mashine zimepangwa moja juu ya nyingine na uzito umekandamiza tabaka za ndani. Hayatoki. Angalia pia kama nyeupe ni ya njano upande mmoja.

Kwenye nyeusi, kinga mwanga kwa mkono au ingia kwenye kona yenye giza. Mwanga unaovuja kingoni ni wa kawaida kidogo kwa IPS, lakini mkanda mweupe unaoingia sentimita mbili tatu ndani ni kioo kilichopindwa. Pikseli iliyoganda ikiwa imewaka utaiona hapa kama nukta ya nyota. Iliyokufa utaiona kwenye nyeupe na rangi nyingine kama nukta nyeusi.

Kisha shika kava kwenye pembe ya juu, fungua na kufunga polepole mara tano. Picha ikikatika au ikicheza kwenye pembe fulani, kebo imeanza kuliwa na bawaba.

Mwisho chomoa chaji. Wauzaji wengi huonyesha mashine ikiwa kwenye umeme na mwangaza juu kabisa.

---

MtejaMakini

Hapo kwenye kuchomoa chaji: ninayo moja, nikifungua ukurasa mweusi kioo chenyewe kinapungua mwanga, nikirudi kwenye mweupe kinapanda. Ni ubovu?

---

RangiTatu

Siyo ubovu. Ni Intel wanabana betri: mashine ikiwa haijachomekwa chaji, inapunguza taa za nyuma kulingana na kilichopo kwenye kioo. Fungua Intel Graphics Command Center, nenda System, kisha Power, zima Display Power Savings upande wa betri. Kwa kazi ya rangi zima kabisa, maana inabadilisha picha wakati unaihariri.

---

Mwanga_Mkali

Mmesahau mwangaza, na sisi tunafanya kazi barazani.

Niti 220 hadi 250 ni za ndani ya chumba, dirisha likiwa nyuma ya kioo chako na siyo nyuma yako. Niti 300 unapumua. Kivulini nje, chini ya mwembe, anza na 400. Juani moja kwa moja usitegemee laptop ya kawaida yoyote.

Taa za nyuma huchoka kwa umri. Mashine iliyowashwa saa nane kila siku kwa miaka minne haitakupa tena zile niti zilizoandikwa kwenye karatasi, kwa hiyo mtumba wa 250 uuhesabu pungufu. Njia rahisi ni kuweka mbili za modeli moja ubavu kwa ubavu, zote nyeupe, mwangaza juu kabisa. Utashangaa.

Kioo cha kugusa mara nyingi kina uso wa kung'aa. Ndani kinapendeza, barazani kinakuwa kioo cha kujitazamia.

---

KiooSafi

Kweli kabisa. Na kuna mtego mmoja wa HP unaoendana na hilo: Sure View, kioo cha faragha kilichoanza 2016 kwenye baadhi ya EliteBook. Utakitambua kwa alama kwenye kitufe cha F2. Ukikiwasha, aliye pembeni haoni kitu. Shida ni kwamba hata kikiwa kimezimwa pembe zake si za IPS ya kawaida. Kwa mhasibu anayefanya kazi ndani ya basi ni sawa. Kwa familia inayotazama tamthilia pamoja, aliye kwenye mkono wa kochi ataona giza.

---

Pikseli_Hai

Vipi OLED? Naona zimeanza kuingia kwenye mtumba na bei zake zinashawishi.

---

RangiTatu

Kwa picha na filamu hakuna kinachoikaribia. Kwa mtumba, pima mambo mawili.

Kwanza kuungua. Pikseli za OLED zinachakaa kadiri zinavyowaka, na kilichokaa mahali pamoja miaka miwili huacha kivuli chake. Weka kijivu kizima kwa ile mbinu ya Bisibisi, andika gray, na utazame ukingo wa chini. Ukiona mstari na vivuli vya vitufe vya Windows vilivyokaa pale kama alama ya pete kidoleni, rudisha. Ukishainunua iliyo nzima, ficha taskbar ijifiche yenyewe, tumia mandhari meusi, na weka kioo kizime baada ya dakika tatu.

Pili kupepesa. OLED nyingi hupunguza mwangaza kwa kuzima na kuwaka mara 240 hivi kwa sekunde. Jicho halioni, ila baadhi ya watu huumwa kichwa. Shusha mwangaza wa laptop hadi robo, fungua kamera ya simu kwenye mipangilio ya mkono, weka kasi ya shata 1/1000 au zaidi, elekeza kwenye ukurasa mweupe. Mistari minene myeusi ikitembea, inapepesa. LCD nyingine nazo hupepesa, zipime vile vile.

Kuhusu betri: ukurasa mweupe kwenye OLED unakula umeme kuliko LCD, mweusi unakula kidogo sana. Mtu wa Word na Excel siku nzima hatafaidi.

---

Pikseli_Hai

Nimekuelewa. Sasa swali la mwenye njaa: nikipata T480 ya TN kwa bei nzuri, naweza kununua kioo cha IPS nikabadilisha?

---

Bisibisi

Unaweza, na kwa T480 ni kazi rahisi. Lakini elewa kwanza kwa nini mashine nyingine zinakataa.

Kioo kinaunganishwa kwa eDP, mfumo wa kupeleka picha kutoka kwenye bodi hadi kwenye kioo, na data inapita kwenye njia. Njia moja ya kasi ya 2.7 Gbps, ukitoa gharama ya usimbaji, inabaki na 2.16. Kioo cha 1366x768 cha biti 6 kwa 60 Hz kinataka kama 1.4. Kinatosha kwenye njia moja. Full HD ni saa ya pikseli ya 138.5 MHz mara biti 18, karibu 2.5. Hakitoshi, kinahitaji njia mbili. Sasa kuna mashine ambazo kebo ya kioo cha HD (1366x768) imefungwa waya za njia moja tu. Unaweka kioo kizuri, soketi inaingia sawasawa, unawasha: giza, au picha ya ajabu. Kioo ni kizima, kebo ndiyo haina nyuzi. Kabla ya kununua tafuta namba ya kebo ya toleo la Full HD la modeli hiyo hiyo uilinganishe na yako.

Kwa T480, HD na Full HD zisizo za kugusa ni pini 30. Ile ya 2560x1440 ni pini 40, kwa hiyo unabadilisha na kebo pia.

Mashine za zamani kama X230 na T430 za 2012 zinatumia LVDS, ambayo ni lugha nyingine kabisa. Soketi ya LVDS ya pini 40 inafanana kwa macho na ya eDP ya pini 40. Usijaribu "kuona kama itaingia". Itaingia, na inaweza kuunguza.

Vitu vya kulinganisha kabla ya kulipa: idadi ya pini, upande ambako soketi ipo nyuma ya kioo, kama kina masikio ya skrubu au hakina, na upana kwa milimita. Inchi 14 siyo zote sawa kwa upana.

Kazi yenyewe:

Zima mashine kabisa, siyo kuilaza. T480 ina betri ya ndani hata ukitoa ile ya nje. Ingia BIOS (menyu ya mipangilio kabla Windows haijawaka), Config, Power, Disable Built-in Battery. Mashine itajizima na betri itakatwa mpaka utakapochomeka chaji tena. Usiruke hatua hii. Kwenye ile soketi kuna pini za data, kuna za volti 3.3 za kioo, na kuna za taa za nyuma zenye volti kubwa zaidi. Ukichomeka kebo imepinda kidogo huku umeme upo, za taa zinagusana na jirani na fyuzi ya taa kwenye bodi inakatika. Dalili: mashine inawaka, sauti ya Windows inatoka, kioo ni giza, lakini ukimulika tochi kwa mshazari unaona picha hafifu. Hapo unatafuta fundi wa bodi kwa ajili ya kipande kidogo kuliko punje ya mchele.

Bandua fremu ya mbele kwa kadi ya plastiki, anza chini. Fungua skrubu za kioo, kilaze kifudifudi juu ya kitambaa kwenye kibodi. Bandua utepe juu ya soketi, inua kile kiwaya cha chuma, vuta kebo kuelekea chini ikiwa imenyooka sambamba na kioo, usiinue juu. Chomeka kipya, funga kiwaya, na kabla hujarudisha fremu chomeka chaji uwashe, upime rangi zote. Kioo kikiwa na pikseli iliyokufa rudisha kabla hujabandua karatasi yake ya kinga, maana wauzaji wengi ukishaibandua hawapokei.

---

Mama_Stationery

Wanangu, mimi swali langu dogo. Dell yangu ya dukani ina mistari miwili ya wima, ya kijani na nyeupe. Kijana mmoja ananiambia ni Windows, mwingine anasema kioo. Nimlipe nani?

---

Bisibisi

Shikamoo mama. Usimlipe yeyote kwanza.

Izime. Shikilia kitufe cha herufi D kwenye kibodi, kisha bonyeza cha kuwasha ukiwa bado umeshikilia D. Dell itaonyesha rangi tupu moja baada ya nyingine: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Hapo Windows haijaamka bado. Mistari ikiwepo, siyo Windows. Kipimo hiki kioo kinajipima chenyewe, kwa hiyo mistari hapo ina maana kioo kimekwisha. Ikitokea hapo hakuna mstari lakini kwenye Windows upo, chomeka TV kwa HDMI: ikionekana na kwenye TV, tatizo ni bodi au programu, isipoonekana, kebo ya kioo ndiyo mshukiwa.

Mstari wa wima usiobadilika hata ukitikisa kava huwa ni muunganiko ulioachia kwenye ukingo wa kioo. Fundi akikwambia ataubana kwa karatasi, utarudi baada ya wiki. Ni kubadilisha.

---

Mama_Stationery

Marahaba mwanangu, imeonyesha mistari kwenye rangi zote. Basi nabadilisha. Sasa niweke hii hii ya 1366 au ile ya juu? Macho yangu siyo ya zamani, nasikia ile herufi zinakuwa ndogo. Ni ya inchi 15.6.

---

KiooSafi

Mama, ukubwa wa herufi unaupanga wewe. Kwa inchi 15.6, 1366x768 ni pikseli 100 kwa kila inchi. Full HD ni 141. Ukiiacha kwenye asilimia 100 herufi zitakuwa ndogo kweli. Nenda Settings, System, Display, weka Scale 150%. Herufi zinakuwa kubwa kidogo kuliko ulivyozoea, na kingo zake zinakuwa safi kwa sababu kila herufi inachorwa kwa pikseli nyingi zaidi. Unachopoteza ni nafasi: kioo kinabeba vitu kama cha 1280x720. Ukiona vitu vimebanana shusha 125%.

Ila mwambie fundi ahakikishe kebo ya njia mbili kama Bisibisi alivyoeleza, la sivyo atakuambia kioo ulichonunua ni kibovu.

Na kama programu yako ya risiti ni ya zamani, kwenye 150% maandishi yake yanaweza kuonekana na ukungu. Bofya kulia alama yake, Properties, Compatibility, Change high DPI settings, weka alama kwenye Override, uchague System (Enhanced). Ifunge uifungue tena.

---

Mama_Stationery

Nimeandika pembeni ya daftari la madeni. Fundi anakuja kesho asubuhi, nitamwonyesha na hiyo ya kebo.